Mguu Wangu Hauna Kosa, Ulizeni Breki

Jumamosi, mwezi wa saba. Magharibi. Ukungu wa asubuhi ulikataa kuondoka kama mgeni aliyeonja pombe ya komoni, na baridi ilikuwa ile ya kumfanya mtu mzima avae soksi juu ya soksi na aone aibu kuvua viatu mbele za watu. Hali yangu: mbishi. Nimeamka mbishi, nimeshinda mbishi, na sasa naandika kwa kidole kimoja nikiwa mbishi vilevile.

Shajara, leo usinikatize.

Kwa wageni mliopotea njia mkafika kwenye ukurasa huu: mimi ni mzee wa hapa Songea, mgane, nina binti mmoja, gari moja na mtani mmoja. Wote watatu wana kelele. Leo nilikuwa nao mahali pamoja, na mji mzima utakuwa umeshasikia, kwa hiyo afadhali msikie kwangu kabla hamjasikia kwa waongo. Shule niliikimbia mapema. Wenye kazi ya kusahihisha sarufi ya wazee kule chini kwenye maoni, endeleeni tu, kila mtu ana ugonjwa wake.

Sasa sikiliza.

Kuna uwanja nje ya mji, njia ya Njombe, upande wa kuelekea Madaba. Mkandarasi wa barabara aliweka kambi pale, akamwaga lami kwenye ua wake kama mtu anayemwaga maji ya kufulia, kazi ilipoisha akafunga virago. Lami ikabaki. Vijana wapenda magari, mkubwa wao anaitwa Deo, wakaomba ruhusa kijijini, wakapanga matairi makuukuu, wakapata mzunguko wenye kona kali na sehemu moja iliyonyooka vya kutosha kumsahaulisha mtu mwaka aliozaliwa. Gari moja moja. Hakuna kubanana. Unapambana na saa, na mwisho wa mzunguko lazima usimame ndani ya boksi lililochorwa kwa chokaa. Usiposimama ndani, muda wako hauhesabiwi, hata kama ulipaa.

Wao wanakuja na magari yaliyochuchumaa, yenye bomba la moshi linalokohoa. Mimi nakwenda na gari langu la kanisani. Ni saluni nyeupe, kuukuu, milango minne, naiita Mkwe kwa sababu inalalamika hata nikiwa nimekaa kimya. Na bado kuna vijana nawaacha. Msinitajishe majina, wana wachumba.

Mwezi uliopita nilipita boksi.

Nilikanyaga breki. Naandika tena kwa herufi kubwa, hizo nazijua: NILIKANYAGA. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, mguu nimeukaza mpaka paja linatetemeka, na gari linakwenda tu kama mtu anayeitwa kulipa deni. Likavuka chokaa, likaenda kuegemea ukuta wa matairi. Halikuumia, sikuumia. Moshi ulikuwa unatoka magurudumu ya mbele, na harufu kama ya kwato za mbuzi anayebabuliwa.

Mtu anayejua gari akinusa ile harufu hahitaji mkutano. Pedali ingezama mpaka chini, ningesema oili ya breki imechemka. Haikuzama. Maana yake pedi zenyewe za breki ndizo zilizokata tamaa. Nilikuwa nimefunga zile za kawaida za mjini, laini, zisizopiga kelele, zilizotengenezwa kwa ajili ya kusimama kwenye matuta na kumpisha mama mwenye beseni. Ukizikanyaga mfululizo, kona baada ya kona, zinapata moto kuliko zilivyofundishwa. Uso wake unang'aa kama kikaango. Badala ya kuing'ata diski zinaipapasa.

Lakini nani aliyetaja pedi? Hakuna. Waliokuwepo wote, na wasiokuwepo, walisema neno moja.

Mguu.

Mzee mguu umechoka. Mzee mguu haujafika. Mtu mmoja alirekodi kwa simu, na kufikia jioni ile nilikuwa nimeshapita boksi katika kila duka la mtaa wa Majengo, mchana na mbele za watoto. Jumapili yake Padre alinishika mkono mlangoni pa kanisa akaniuliza kwa upole miguu inaendeleaje. Nikamwambia inaendelea miwili.

Binti yangu anaitwa Konsolata. Ni muuguzi, na ana ile sauti ya wauguzi ambayo wewe unaisikia na tayari umeshakunja shati kwa ajili ya sindano. Alikuja nyumbani na uso wa zamu ya usiku, akakaa.

"Shikamoo baba. Naomba funguo za gari."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Na wewe huendi."

Sitaki kuandika yote tuliyosemezana, mengine yana watakatifu ndani yake. Niseme tu lililonichoma. Gari likienda, mimi sitakwenda tena mahali. Nitapelekwa. Shambani nitapelekwa, kwaya nitapelekwa, msibani nitapelekwa na kuambiwa saa ya kuondoka wakati hata chai sijamaliza. Nimewaona wazee wanaopelekwa. Wanakaa kiti cha nyuma na kofia mapajani, wanaangalia dirishani kama mizigo iliyopewa macho. Mimi bado sijafika huko, na kama nitafika, nitafika nikiendesha mwenyewe.

Basi tukawekeana sharti. Nirudi uwanjani mara moja, na breki mpya nitakazochagua mwenyewe. Nikisimama ndani ya boksi, habari ya mguu isitajwe tena nyumbani kwangu, hata siku ya maziko yangu. Nisiposimama, namkabidhi funguo kwa mkono wangu, bila kelele.

"Na mimi nitakaa pembeni yako," akasema. "Nitautazama huo mguu."

Nikasema aje na miwani.

Kuchagua pedi sasa. Hapa ndipo nilipojitafutia balaa.

Mwenye duka la spea ninayemwamini Majengo ni Rajabu, Myao wa Tunduru, mtani wangu. Kwa wasiojua mambo haya: babu zake na babu zangu Wangoni walipigana mpaka wakachoka, wakawaachia wajukuu kazi ya kutukanana. Mtani hakasirikiwi. Mtani akifiwa unakwenda kumcheka kwenye jeneza, na yeye ukimfia atakuja kulala kaburini mwako asitoke mpaka apewe kitu. Huo ndio upendo wetu, msiuchunguze sana. Rajabu aliwahi kuwaapia wateja wake kwamba nimekufa. Aliapa wallahi, na uso mkavu. Watu walikuja kwangu na kuni na unga, wakanikuta nakula. Unga sikuurudisha.

Nilipoingia dukani siku hiyo akasimama, akavua kofia.

"Karibu, marehemu. Umefuata sanda?"

"Nimefuata breki, Myao. Toa vitu, acha midomo."

"Mngoni na breki wapi na wapi! Nyie mngekuwa na breki mngesimama Zambezi. Mmekuja bila kusimama mpaka huku kwetu."

"Na nyie mlipotuona mlifunga breki? Si mlikimbia mpaka Tunduru, mpaka leo mnahema."

Wateja wakacheka, na baada ya hapo ndipo alipoleta kazi. Kazi anaijua, huo ni ukweli na unaniudhi. Alipanga pedi za aina tatu juu ya meza. Za kwanza zile za mjini, dada zake zile zilizoniaibisha. Za pili za katikati, ngumu kiasi, zinavumilia moto kuliko za kwanza, na asubuhi ya baridi bado zinakushika. Za tatu zilikuwa za mbio zenyewe, nyeusi zenye chembe za chuma, nzito mkononi. Hizo, alisema, uzipige moto utakavyo, hazitakukimbia. Zinapiga kelele, zinakula diski, zinachafua rimu. Mtu wa uwanjani hajali hayo.

"Chukua hizi za katikati," akasema. "Gari lako jepesi, uwanja wenyewe mfupi. Hizi za mbio ni Wangoni watupu. Asubuhi hazifai kwa kazi yoyote, mpaka zipate moto kwanza."

Duka zima likapasuka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka.

"Wallahi sikutanii," akasema.

Sasa niambieni. Mtu aliyekuzika kwa wallahi, anakuapia wallahi, na ndani ya neno lake amekutukana wewe na ukoo wako wote. Wewe ungesikia nini? Mimi nilisikia utani. Nikasikia Myao anataka Mngoni anunue cha katikati, aende mjini akatangaze kwamba mzee ameogopa. Mtani akikwambia kulia, unakwenda kushoto, ndivyo tulivyolelewa.

Nikachukua za mbio.

Leo asubuhi tulikwenda uwanjani, mimi na Konsolata, na pedi za mjini bado zikiwa kwenye gari. Rajabu alikuwa amesema atakuja kunifungia mwenyewe pale pale. Nikakuta watu wengi kuliko kawaida. Wengine hawajawahi kupenda gari katika maisha yao, walikuja kuona mguu. Deo alinipa shikamoo babu ya adabu, kisha akasogeza watazamaji wote mbali na boksi. Nikaona, nikaweka moyoni.

Rajabu akaja. Alikuwa na sanduku la zana mkono mmoja. Kiunoni amefunga kanga, kichwani kanga nyingine, na analia.

"Jamani Mngoni wetu! Umetuacha na nani! Hata gari hujaandikisha jina langu!"

Watu hoi. Hata Konsolata, ambaye alikuwa amekunja uso tangu nyumbani, aligeukia upande wa pili na mabega yakawa yanacheza. Rajabu alifungua magurudumu akilia, akatoa pedi za zamani akilia, akafunga mpya huku anaimba sifa zangu, nyingi za uongo na chache za matusi. Alipomaliza akashusha jeki, akaenda mbele ya gari, akajilaza kwenye lami chali, mikono kifuani. Haondoki mpaka apewe kitu, kama kaburini.

Nikamrushia kipande cha muwa nilioununua njiani. Akakipokea akiwa amelala vilevile, akauma, akatafuna. Na akiwa pale chini, mdomo umejaa muwa, kanga kichwani, akasema hivi:

"Mngoni, nisikilize. Usiondoke kwa kasi. Zunguka kwanza polepole, unakanyaga unaachia, unakanyaga unaachia. Zipate joto."

Nikatazama watu. Walikuwa wanasubiri nitii. Nikajiona nazunguka uwanja kama gari la kubeba jeneza, na mwombolezaji wangu anatembea pembeni na kanga zake. Nikasema, hapo ndipo anaponitaka. Utani huu ameupika vizuri, lakini siuli.

"Ondoka njiani, Myao. Utakufa wewe."

Konsolata akapanda. Akafunga mkanda, akauvuta kuuhakikisha, akauvuta tena. Macho yake hayakuwa barabarani. Yalikuwa chini, kwenye mguu wangu wa kulia, kama mtu anayesubiri chungu kichemke.

Deo akashusha kitambaa. Nikaondoka.

Sehemu ile iliyonyooka Mkwe hakulalamika hata kidogo, nafikiri alishangaa. Nikafika kona ya kwanza pale ninapokanyaga siku zote, penye tairi lenye rangi nyekundu. Nikakanyaga.

Hakuna.

Yaani ilikuwa kama nimekanyaga ubao wa sakafu. Mguu umefika, umekaza, umebana, na gari halina habari. Pedi zilikuwa za baridi kama maziwa ya juzi. Kona ilikwenda kushoto, sisi tukaenda moja kwa moja. Tukapita katikati ya matairi, tukaingia kwenye majani marefu, yakatufunika vioo vyote, na Konsolata anaita watakatifu kwa mpangilio wa misa. Gari likapunguza lenyewe kwenye udongo laini, likasimama. Injini imezima. Panzi mmoja katua kwenye kioo cha mbele akatutazama.

Nikawa natazama usukani. Moyoni nilikuwa nimeshamkabidhi funguo. Nilishakaa kiti cha nyuma, kofia mapajani, mizigo yenye macho.

"Baba," akasema.

"Nini."

"Umekanyaga."

Nikamgeukia. Alikuwa bado anautazama mguu. Na mguu, ndugu zangu, ulikuwa bado umekanyaga! Ulikuwa haujapata habari kwamba tumesimama. Umenyooka kama mlingoti, pedali imebanwa mwisho wake.

"Umekanyaga mapema, kabla hata mimi sijaogopa," akasema. "Nimeuona. Umekanyaga mpaka mwisho, na gari halikusimama."

Nikauinua mguu taratibu kutoka kwenye pedali. Kuna vitu mtu unavisubiri mwezi mzima.

"Mguu mzima kabisa," akaendelea, na ile sauti ya sindano ikarudi. "Mgonjwa ni kichwa. Baba Rajabu si alikwambia uzipashe moto? Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Alikuwa amelala chini na kanga kichwani!"

"Ndiyo. Na alikwambia uzipashe moto."

Nikawasha gari, nikarudi nyuma polepole mpaka kwenye lami. Watu walikuwa wanapiga miluzi. Rajabu anakuja mbio, kanga ya kiunoni imefunguka anaishikilia kwa mkono mmoja.

"Nilikwambia, mzee! Nilikwambia dukani, nikakwambia na hapa!"

"Uliapa wallahi! Wewe ukiapa wallahi mimi nakufa!"

"Sasa ningeapa nini? Ningekuapia Bikira Maria mimi?"

Tukatazamana. Ndipo nikaona usoni mwake kwamba alikuwa ameogopa. Midomo ilikuwa imepauka. Myao yule anayenizika kila wiki alikuwa ameogopa nisife. Nikamwonea huruma kidogo, nikamwambia kanga imemkaa vizuri aolewe.

Konsolata akafungua mkanda. "Basi, twende nyumbani," akasema. "Sharti lilikuwa la mguu, na mguu nimeuona. Funguo ni zako. Sitautaja tena."

Mtu mwenye akili angesema asante.

Mimi nikasema, "Funga mkanda."

"Baba, nimeshakubali."

"Umekubali kwenye majani. Sharti lilikuwa boksi. Huruma yako kaa nayo, utawapa wagonjwa. Funga mkanda."

Msinielewe vibaya. Nilimsikia, na neno lake lilinitia joto kuliko chai. Lakini nilijua itakavyokuwa. Leo nimeachiwa. Kesho wataniachia tena jambo lingine, na keshokutwa jingine, na kila nitakachokuwa nacho kitakuwa nimeachiwa. Mtu akishaanza kuachiwaachiwa, ujue kupelekwa hakuko mbali. Mimi nilitaka kitu changu nikishike kwa mguu wangu.

Akafunga mkanda. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mama yangu alipata tabu kunilea.

Nikaanza kuzunguka. Polepole. Nakanyaga naachia, nakanyaga naachia, kama nilivyoambiwa na Myao. Watu wakaanza kuimba nyimbo za msiba, mmoja akakata tawi akawa anatembea mbele yetu kama anaongoza jeneza, na Rajabu hakuweza kujizuia, akaingia kwenye mstari na kilio chake. Nikafungua dirisha nikawaitikia sauti ya nne. Mimi ni mwanakwaya, kama msiba ni wangu basi uimbwe vizuri. Mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Mwanzoni breki zilikuwa zinateleza na kulia kama paka. Kisha kilio kikapungua, na nikasikia kwenye kisigino kitu kinabadilika. Nilikuwa nakanyaga kidogo tu, na pua ya gari inainama. Harufu ya moto ikaja, si ile ya kwato, hii ilikuwa safi, kama chuma kwenye jiwe la kunolea.

Nikamwashia Deo taa. Akawatoa waombolezaji barabarani, akainua kitambaa.

Yaliyofuata nikiyaandika yote mtasema mzee anajisifu. Najisifu. Kona ya kwanza nikakanyaga penye tairi jekundu, na pedi zikaing'ata diski kama mbwa wa jirani. Mkanda ukanikaba. Kona ya pili hivyohivyo, ya tatu hivyohivyo, kila ninavyozidi kuzikanyaga ndivyo zinavyozidi kukubali. Zile za mjini zingekuwa zimeshaniaga. Nikatoka kona ya mwisho, boksi hilo mbele, chokaa nyeupe. Nikachelewa kukanyaga kwa makusudi, Mungu anisamehe, nilitaka wale wenye roho ndogo ziwaruke kidogo. Ndipo nikakanyaga.

Kitambaa cha kichwani cha Konsolata kikaenda kioo cha mbele. Mkoba wake ukaenda miguuni. Gari likasimama.

Nikafungua mlango nikashuka kuangalia. Magurudumu yote ndani. Bampa ndani. Kivuli tu ndicho kilichokuwa kimevuka mstari, na kivuli sikuwekeana nacho sharti.

Konsolata alishuka upande wake, akatembea kwa heshima mpaka nyuma ya matairi, akatapika. Akarudi anajifuta mdomo, kichwa wazi, nywele zimesimama. Hakunitazama mimi. Aliwatazama watu.

"Mwezi uliopita mlirekodi," akawaambia. "Leo vipi, simu zote zimeisha chaji?"

Mmoja akainua simu taratibu. Konsolata akamwelekezea kidole kwenye boksi, kwenye gurudumu, kwenye chokaa, mahali pa kurekodi, kama anavyomwonyesha mwanafunzi mshipa. Kisha akanirudia.

"Umesimama," akasema.

Basi. Hilo lilinitosha.

Rajabu akadai msiba umeahirishwa lakini kanga zimeshatumika, kwa hiyo alipwe ubani. Akapewa muwa uliobaki. Kabla hatujaondoka aliinua gari tena, akatoa zile pedi za mbio zikiwa bado zinachoma vidole, akarudisha za mjini. Hakunitania alipokuwa anafanya hivyo. Aliniambia nikirudi na hizi za mbio mjini, asubuhi moja ya baridi nitaingia kanisani na gari mpaka altareni. Nikamwambia hilo nimelisikia kama alivyolisema. Kwa hiyo, nyie mnaoniuliza pedi gani kwa ajili ya uwanjani, jibu la mzee ni hili: za mbio, zifungwe uwanjani, zipashwe moto kwanza, zifunguliwe kabla ya kurudi. Kama mtu ni mvivu wa kufungua na kufunga, achukue za katikati, asione haya. Mimi haya sina na uvivu sina. Za mbio zangu ziko kwenye mfuko wa unga nyuma ya mlango.

Sasa nipo nyumbani. Konsolata ameshakwenda zamu. Ukungu umerudi, nausikia mlangoni.

Kuna jambo moja sikumwambia.

Mguu unauma. Goti la kulia limeanza kunguruma tulipokuwa njiani, na sasa limevimba kama embe bolibo. Nimelichua kwa dawa, nimelifunga kitambaa cha moto, nimelitukana kidogo. Halikuanza leo. Ile siku ya moshi halikuwa na kosa, hilo naapa, kosa lilikuwa la pedi, na leo binti yangu ameliona kwa macho yake. Lakini goti linazeeka, na linazeeka upande ule ule ninaouhitaji. Iko siku litachelewa kweli, na siku hiyo hakutakuwa na pedi ya kuisingizia.

Nimekaa nalifikiria hilo tangu nilipovua viatu, zile soksi mbili mbili. Ningeweza kuogopa. Kuna kiti pale dirishani kinachofaa sana kwa kuogopa.

Badala yake nimeinuka, nikachechemea mpaka nje, nikaingia kwenye Mkwe bila kuwasha, nikakaa. Gari hili halina klachi. Linajibadilishia gia lenyewe tangu lilipozaliwa. Maana yake mguu wangu wa kushoto umekaa pale miaka yote hii bila kazi, mnene, mzima, umepelekwa kila mahali kama bwana mkubwa.

Nimeuweka juu ya breki. Nikakanyaga, nikaachia. Mjinga kabisa, unakanyaga kama unaua mende.

Utafundishika. Kesho baada ya misa, uani, polepole, mimi na huo wa kushoto tunaanza darasa la kwanza.